Diski Pacha za Ustadh Mselem

Mwezi uliopita mlinikatia keki pale karakana ya Hurlingham, mkanipa saa ya ukutani, na mkasimama mmoja mmoja kusema kwamba Mama Nyambura hutengeneza kompyuta kwa kuiangalia tu. Kwa keki nashukuru. Hilo la kuangalia nimeona niwaandikie, kwa sababu mkilibeba hivyo mtaharibu mashine za watu. Mimi siangalii. Mimi husoma, na husoma pale ambapo wengi wenu hupita mbio, kwenye zile kurasa za BIOS zinazotokea kabla Windows haijaamka.

Sasa niko Mutuini na nafasi ninayo. Majirani wamesikia kwamba nimestaafu na wananiletea laptopu, pasi, redio, na mara moja jogoo aliyeacha kuwika. Jogoo nilimrudisha.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa mara kadhaa na sikuwahi kuona kompyuta iliyowaka kwa sababu hiyo.

Nilianza kazi barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, ghorofani, juu ya duka la spika ambalo lilijaribu spika zake kwa wimbo uleule kutwa nzima. Mwenye karakana alikuwa Bwana Harbans, Singasinga mzaliwa wa Ngara, mtu mpole mwenye kilemba cha rangi ya maji ya bahari na Kiswahili cha Nairobi kabisa, ngeli zote kazitia kwenye mfuko mmoja. Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha chuo ndani ya karatasi ya nailoni. Alikisoma chote, mbele na nyuma, hata pale chini palipoandikwa jina la mchapishaji. Akanirudishia, akanikalisha mbele ya kompyuta moja kuukuu, akaniambia niiwashe huku nikibonyeza Delete.

Skrini ikawa ya buluu, na maandishi meupe na ya manjano. Akaniambia nisome. Nikasoma kimoyomoyo. Akasema nisome kwa sauti. Nikasoma kwa sauti, kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, nikishindana na ule wimbo wa chini. Nilipomaliza akaniuliza kompyuta inasema ni saa ngapi. Sikujua. Akasema nianze tena.

Hivyo ndivyo siku yangu ya kwanza ilivyokwisha, na ya pili haikuwa tofauti. Bisibisi sikupewa. Nilipewa sheria moja tu: "Soma yote. Usiguse."

Kwa wale waliojiunga nasi juzi, niieleze BIOS kwa ufupi. Ni programu ndogo inayokaa kwenye bodi kubwa ya ndani ya kompyuta. Ukibonyeza swichi, yenyewe ndiyo ya kwanza kuamka, na kazi yake ni kama ya mwalimu wa zamu asubuhi: inaita majina. Kumbukumbu ipo? Diski ipo? Kibodi ipo? Ikiridhika, inatafuta Windows iko wapi na kuiachia kazi. Kwa hiyo mteja akikwambia diski imekufa, ingia kwenye BIOS kwanza uone kama jina lake limeitikiwa. Jina likiwepo, diski haijafa. Shida iko kwingine, na wewe umejiepusha na maziko ya bure.

Ndani ya bodi hiyohiyo kuna betri ya duara, kama sarafu, inayoifanya BIOS ikumbuke saa, tarehe na mapendeleo mengine hata umeme ukikatika. Betri ikiisha, BIOS husahau yote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Kuna ofisi moja Upper Hill ambayo kompyuta ya karani ilirudi nyuma miaka mingi kila Jumatatu, kwa sababu mlinzi alizima umeme wa ghorofa nzima Ijumaa jioni. Barua pepe zikakataa, tovuti za benki zikakataa. Karani alikuwa ameshaombewa na kundi la maombi la ofisini. Nilibadilisha betri. Kundi la maombi likatoa ushuhuda, nami sikuona haja ya kuwabishia.

Wateja wengine walikuwa wameacha flashi imechomekwa nyuma, na BIOS, kwa utiifu wake, ikawa inatafuta Windows ndani ya flashi yenye picha za harusi. Hapo dawa ni kuchomoa flashi. Kisha unaingia mahali pa mpangilio wa kuwasha, unaiweka diski iwe ya kwanza. Mteja mmoja wa Hurlingham aliniuliza kama hilo ndilo nililosomea. Nikamwambia ndiyo.

Katika mkoba wangu nilibeba bisibisi mbili, brashi laini ya kupaka rangi, betri mpya za duara, na kibodi ya kizamani yenye plagi ya mviringo. Kibodi hiyo mliicheka. Lakini kuna mashine ambazo BIOS yake haiitambui kibodi ya USB mpaka uiruhusu ndani ya BIOS, na huwezi kuingia ndani ya BIOS kuiruhusu bila kibodi. Aliyebuni mpango huo sijawahi kukutana naye. Ningependa.

Sasa nifike kwa Ustadh Mselem.

Wakati huo nilikuwa nimeshaaminiwa bisibisi muda mrefu, na Bwana Harbans alikuwa amelazwa hospitalini Upper Hill. Jicho lake moja lilikuwa limeshaondoka kwa sababu ya sukari. La pili pazia lake la ndani lilibanduka, wakalifanyia upasuaji na kulifunga bandeji. Daktari akamwamuru alale kifudifudi, uso kwenye mto, asiinuke ila kwa lazima. Mkewe, Mama Simran, alikaa naye mchana kutwa. Karakana niliachiwa mimi. Kila asubuhi Mama Simran alinipigia, akaiweka simu kando ya mto, na Bwana Harbans akaniuliza kuhusu kazi za siku hiyo kwa sauti iliyofunikwa na pamba. Alikuwa amekatazwa kuinuka. Kusema hakukatazwa.

Asubuhi moja akapanda ngazi mzee wa makamo, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, amekumbatia CPU iliyofungwa kwa shuka. Akaiteremsha mezani polepole, akasalimu, akapumua kwanza. Alikuwa Ustadh Mselem, mwenyeji wa Lamu, mwalimu wa madrasa moja ya mjini. Nilimuuliza inasumbuaje.

"Mwanangu, mimi sitaki ifanye kazi," akasema. "Nataka kilichomo."

Kilichomo kilikuwa mama yake. Bi Zuhura alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, kila likizo Ustadh alikuwa akikaa naye barazani na kinasa sauti, akimwomba amweleze maneno ya zamani ya Kiamu, ya upishi, ya useremala, ya kulea watoto, maneno ambayo vijana wao wameyaacha. Akirudi Nairobi aliyahamishia kwenye kompyuta na kuyaandika. Kinasa sauti kilikuwa kikijaa, naye alikuwa akikifuta ili apate nafasi. Nakala nyingine haikuwepo. Alilisema hilo bila kuinua sauti, akiitazama CPU.

Juma lile kompyuta ilikuwa imewaka na kusema haioni kitu cha kuwashia. Akaipeleka duka jingine. Huko wakamwambia diski zote mbili zimekufa, wamuwekee mpya na Windows mpya. Akawashukuru, akaifunga shuka, akaondoka. Nilimuuliza ni kwa nini hakukubali. Akasema kwamba yeye hafahamu kompyuta, lakini amezika watu wengi, na wale vijana hawakuwa na sura ya watu walioitazama maiti.

Niliifungua. Diski mbili, zote zinazunguka, sauti nzuri, hakuna inayogonga. Nikazichomoa, nikaziunganisha kwenye kompyuta yetu moja baada ya nyingine. Kila mara Windows iliniambia kwamba diski hii haijaandaliwa, je, niiandae sasa? Kitufe kilikuwa kimeshawekewa rangi, kinangoja kidole. Ukikibonyeza, umefuta. Nikabonyeza cha kukataa, nikazirudisha diski zilikotoka.

Nikaingia kwenye BIOS ya ile mashine ya Ustadh na kuanza kusoma kutoka juu. Tarehe ilikuwa ya mwaka ambao bodi yenyewe ilitengenezwa. Kwa hiyo betri ilikuwa imekwisha na BIOS imesahau kila kitu. Majina ya diski zote mbili yalikuwepo. Hapo nikajua kwamba hazijafa, na kwamba kuna jambo lililokuwa limepangwa ndani ya BIOS hii ambalo sasa halipo. Jambo gani, sikujua. Kurasa zilikuwa nyingi, na kila mstari ulikuwa na machaguo yake.

Aliyeiunda kompyuta hiyo alikuwa mpwa wa Ustadh, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Ustadh alimpigia mbele yangu. Simu haikupatikana. Nami nikampigia Mama Simran.

Alisema mzee amelala. Kutoka kwenye mto nikasikia sauti ikisema hajalala.

Nikamweleza. Bwana Harbans akaniambia nisome. Nikaweka simu kwenye spika, nikasoma kwa sauti kama siku yangu ya kwanza, mstari kwa mstari, huku Ustadh ameketi kwenye kiti cha wateja na mikono magotini. Wimbo wa chini ulikuwa umebadilishwa kufikia wakati huo. Mpya ulikuwa mbaya zaidi. Nilipofika kwenye diski, Bwana Harbans akanisimamisha.

"Rudia hiyo. Zote mbili."

Nikarudia. Kampuni moja, aina moja, ukubwa mmoja, hata namba zake zilifuatana.

"Kama mapacha," akasema.

"Kama mapacha."

"Sasa nani ananunua diski pacha, Nyambura?"

Nikafikiri. Mtu anayetaka nafasi zaidi hununua diski kubwa. Anayenunua mbili zinazolingana anataka kuziunganisha zifanye kazi kama moja. Nikamuuliza Ustadh kama mpwa wake alikuwa mtu wa michezo ya kompyuta. Akasema alikuwa haambiliki. Alimwahidi mjomba wake kompyuta yenye kasi kuliko zote za mtaa, na kweli, ilikuwa ikiwaka kabla hajamaliza kusema bismillahi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu alichokihifadhi Ustadh kilikuwa kimegawanywa vipande vidogo vidogo, kimoja huku, kimoja kule. Diski moja peke yake ilikuwa kama mtu anayesema silabi moja na kuruka ya pili. Ndiyo maana kompyuta yetu iliona upuuzi na kutaka kufuta. BIOS ndiyo iliyokuwa ikijua kwamba hizi mbili ni moja, na BIOS ilikuwa imesahau.

Bwana Harbans aliniambia nitafute mstari wa SATA, unaoeleza jinsi diski zinavyoungana na bodi. Niliupata. Ulisema IDE, yaani kila diski kivyake, ndivyo ilivyotoka kiwandani, na chini yake palikuwa na machaguo mengine, la mwisho likiwa RAID, ambayo ndiyo lugha ya BIOS ya kusema diski zimeungana. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye mshale.

"Usiguse," akasema, kana kwamba ananiona. "Kopi kwanza."

Hapa ndipo nataka mtulie. Tulikuwa tumeshajua jibu. Mteja ameketi pale, macho yamemtoka, na jibu liko umbali wa vitufe vichache. Lakini kilichotufikisha hapo ni kufikiri, na kufikiri huweza kukosea. Nikatoa diski mbili tupu kutoka stoo, nikanakili kila moja yote ilivyo, hata sehemu zinazoonekana tupu, bila kuandika herufi kwenye zile za asili. Kazi hiyo ni ya polepole na haina la kutazama. Ustadh akatoka kwenda kuswali adhuhuri, akarudi. Akatoka alasiri, akarudi na sambusa kwenye karatasi, tukala. Hakuuliza hata mara moja kama tunakaribia. Aliniuliza tu jina la kila kitu mezani, na nikimwambia kwa Kiingereza alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni.

Nakala zilipokwisha nilibadilisha betri. Betri huja kabla ya kupanga chochote, la sivyo ukichomoa waya wa umeme BIOS husahau tena na wewe unabaki ukijiuliza kama una wazimu. Nikaweka tarehe na saa. Nikarudisha zile diski za asili, nikampigia tena Mama Simran, nikaingia kwenye BIOS, nikabadilisha mstari ule mmoja, nikabonyeza F10 kuhifadhi. Mashine ikazima, ikawaka.

Skrini mpya ikatokea, ambayo hatukuwa tumeiona mwanzoni. Ilitaja jina la diski iliyounganishwa. Mpwa alikuwa ameipa jina MJOMBA. Mbele ya jina hilo, kwa maandishi mekundu, paliandikwa kwamba imeshindikana.

Ustadh hakusoma skrini. Alisoma uso wangu, akainamisha kichwa na midomo yake ikaanza kwenda polepole.

"Soma," simu ikasema.

Nikasoma. Sauti yangu haikuwa nzuri. Bwana Harbans akauliza ni diski ngapi zilizotajwa chini ya lile jina. Nikahesabu. Ilikuwa moja.

"Basi hiyo ingine haijaitikia. Zima. Angalia waya."

Nikazima. Waya wa diski ya pili ulikuwa umekaa upande, kana kwamba umeingia na haujaingia, plastiki yake imechoka. Nikauondoa, nikaweka mpya, nikausukuma mpaka ukalia. Nikawasha. Jina la MJOMBA likatokea tena, diski mbili chini yake, na maandishi yalikuwa ya kijani. Kisha Windows ikaja, na nyuma yake picha ya forodha ya Lamu, na mafaili yamejipanga mstari baada ya mstari, kila moja na neno lake.

Ustadh alisogea. Nilimpa kipanya, akasema nifungue mimi. Nikafungua la kwanza nililolifikia. Pakawa na mvumo wa upepo, kuku, mtu anaburura kiti. Halafu sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, imekereka.

"Mselem, zima kidude hiko uye ule. Wali wapoa."

Likakatika hapo. Ustadh akavua miwani. Alijipangusa uso kwa kiganja, akakaa hivyo, kiganja usoni. Nami nikatazama brashi yangu ya kupaka rangi, kwa sababu ilikuwa mbele yangu.

"Huyo ndiye mama?" Bwana Harbans akauliza kwenye simu.

"Ndiye," Ustadh akajibu.

"Mwambie wali ingoje kidogo," sauti ya kutoka kwenye mto ikasema. "Kopi kwanza."

Ustadh akacheka. Alicheka na machozi yakiwa bado yanatoka, nasi tukanakili mafaili yote kwenye diski ya tatu, kisha kwenye flashi, kisha kwenye flashi nyingine, mpaka duka la spika likafunga na kukawa na utulivu ambao sikuwahi kuusikia mahali pale.

Mashine za sasa mnazijua kuliko mimi. BIOS yake inaitwa UEFI, ina picha na kipanya na hata saa ya kupendeza. Lakini tabia ni ileile. Kabla hujabadilisha mstari, upige picha kwa simu. Badilisha mmoja tu, jaribu, kisha ndio uende kwa mwingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, hakikisha mwenye mashine anao ufunguo wa kuifungulia mkononi, wala si kwenye barua pepe ambayo iko ndani ya mashine hiyohiyo. Nimelikuta hilo, na mwenye mashine alikuwa wakili. Na usisasishe BIOS kwa sababu umechoka kufikiri.

Bwana Harbans alifunguliwa bandeji baada ya majuma kadhaa. Nilikuwepo. Daktari alimwonyesha ubao wa herufi, akasoma ile kubwa ya juu tu. Akageuza uso upande nilikokuwa, anangoja nisome, na daktari akasema, kwa adabu, kwamba mtihani huu si wa yule dada. Nuru aliipata, na vivuli vya watu. Maandishi hayakurudi.

Aliendelea kuja Luthuli miaka kadhaa. Mama Simran alimfikisha mlangoni, yeye akakaa kwenye kiti cha wateja, mimi nikasoma. Alikuwa akinisimamisha nikiruka mstari. Mwishowe ngazi zikamshinda, karakana ikafungwa, nami nikaja kwenu Hurlingham.

Ustadh hakumsahau. Alimletea flashi yenye sauti zote za Bi Zuhura na redio ndogo ya kuichomeka, akamfundisha vitufe kwa kupapasa. Bwana Harbans alizisikiliza kila alasiri. Mama Simran aliniambia kwamba uzeeni mwake ameletewa mke mwenza, tena wa Lamu, na mumewe humsikiliza huyo kuliko alivyowahi kumsikiliza yeye. Maneno yakaanza kumtoka. Kiswahili chake cha Ngara kikaota vipande vya Kiamu hapa na pale, na nyumbani hakuna aliyejua anasema nini.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa kibarazani, shali mabegani, amechoka. Tulizungumza kidogo kuhusu mashine. Kisha akamwambia mkewe kwamba anataka mayi, ndivyo watu wa Lamu wasemavyo maji. Mama Simran akaingia jikoni, akakaa kitambo, akarudi na yai la kuchemsha kwenye kisahani, na chumvi kando. Bwana Harbans alilipapasa. Akaligonga ukingoni mwa kiti, akalimenya taratibu, akalila lote, akamshukuru. Mama Simran alipoingia ndani na kisahani, mumewe akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumletea glasi ya maji.